Uzi maalumu: Patina za kujitengenezea kwenye shaba, brasi na fedha. Siki ileile inang'arisha, siki ileile inatia kijani

Kidani cha Shaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimeharibu vipande vingi kabla ya kuelewa jambo moja, na jambo lenyewe sikulikuta katika maelekezo yoyote niliyokuwa nafuata. Naliweka hapa ili mwingine asipoteze muda kama mimi.

Nikisema patina nina maana ya ile ngozi ya rangi inayoota juu ya madini yenyewe: kijani na bluu kwenye shaba, weusi kwenye fedha, kutu kwenye chuma. Hupaki kitu. Madini yenyewe ndiyo yanayobadilika juujuu. Na nikisema brasi, ni shaba iliyochanganywa na zinki.

Mwanzo wangu ulikuwa hivi. Nilikata majani 12 ya bati la shaba kwa ajili ya hereni, nikachanganya siki na chumvi, nikayatumbukiza yote kwenye bakuli usiku kucha. Asubuhi nikitegemea kijani, nikatoa majani ya waridi, safi kuliko nilivyoyaweka. Hata alama za vidole vyangu zilikuwa zimefutika. Nikaongeza chumvi. Nikabadilisha siki. Nikayaacha siku mbili zaidi. Maji yakaanza kuwa na rangi ya bluu hafifu, majani yakabaki vilevile.

Jani moja ndilo lililonifungua macho. Lilikuwa limeegemea ukingo wa bakuli, nusu majini, nusu nje. Sehemu iliyozama ilikuwa waridi tupu. Sehemu ya juu kabisa ilikuwa na kahawia yake ya kawaida. Lakini pale uso wa maji ulipokutana na hewa palikuwa na mstari mwembamba, kama milimita 3 hivi, wa kijani kinachoelekea bluu, umejaa punje ndogondogo zilizopandana kama ukungu. Nililishika lile jani karibu na dirisha nikaliangalia muda mrefu sana.

Kumbe hesabu yake ni hii. Siki ya nyumbani ni asidi asetiki, kwa kawaida asilimia 5 hivi. Peke yake haina ubavu wa kuila shaba. Inachoweza ni kuyeyusha oksaidi (shaba iliyoungana na oksijeni) iliyokwisha kujitengeneza juu yake, ndiyo maana siki na chumvi ni dawa ya zamani ya kung'arishia vyombo vya shaba. Ili shaba yenyewe iliwe, lazima oksijeni ifike. Ndani ya maji oksijeni ni haba, na kijani kidogo kinachozaliwa kinayeyuka papo hapo. Pale ukingoni vipo vyote vitatu: asidi, unyevu na hewa. Basi kijani kinaota na kinabaki.

Tangu siku hiyo sizamishi kitu. Nafanya hivi:

Nasugua kipande kwa msasa namba 400, kwanza kuondoa mafuta na oksaidi, pili ili uso upate mikwaruzo midogo ya kushikilia rangi. Kwenye uso uliong'arishwa kama kioo kijani hukaa kama vumbi, ukigusa kinaondoka. Baada ya msasa naosha kwa sabuni, nasuuza, na kutoka hapo sishiki uso kwa vidole, nashika pembeni tu. Maji yakitiririka na kujikusanya kuwa matone, bado kuna mafuta, narudia kuosha.

Kisha nachukua kopo la plastiki lenye mfuniko, natandika karatasi ya jikoni iliyolowa siki chini yake, na vipande naviweka juu ya kijukwaa au navining'iniza kwa uzi, visiguse karatasi. Navinyunyizia maji ya chumvi kwa ukungu mwembamba, nafunika. Kila baada ya saa kadhaa nafungua nipunge hewa, nanyunyizia tena pakikauka. Siku ya pili hadi ya tatu rangi inakuwa imekaa.

Ukitaka bluu badala ya kijani, weka amonia, ile ya maji yenye harufu kali, mahali pa siki. Inafanya kazi haraka, ndani ya saa chache unaona, na saa 24 zinatosha kabisa. Ikiwa bado mbichi inatoka bluu nzito ajabu, ikikauka inapauka kidogo, kwa hiyo usihukumu rangi kabla haijakauka siku nzima.

Karibuni. Mwenye alichojaribu akiweke hapa, hata kilichoharibika.

Mama Hereni

Asante sana kwa hili, mkuu. Mimi pia nimekuwa nikiloweka tu na kushangaa.

Swali langu: nina viungo nilivyonunua tayari, pete ndogo za kuunganishia na vishikizo, vyote vinaonekana vya shaba. Nimeviweka kwenye kopo la amonia pamoja na bati langu. Bati likawa bluu, viungo havikubadilika hata kidogo, isipokuwa viwili vimetoa doa jekundu la kutu. Tatizo ni nini?

Kidani cha Shaba

Dada, hivyo si shaba hadi ndani. Kuna mambo mawili. Huenda vimepakwa vanishi kiwandani ili visifubae. Vanishi hiyo huzuia kila kitu. Viloweke kwenye asetoni, au kitoa rangi ya kucha chenye asetoni, kisha uoshe na ujaribu tena. Lakini hivyo viwili vyenye kutu nyekundu ni chuma kilichochovywa tabaka jembamba la shaba. Patina imekula tabaka lote ikafika kwenye chuma. Pitisha sumaku: shaba, brasi na fedha hazivutwi. Kikivutwa, kiweke kando.

Sumaku haimalizi kila kitu, kwa sababu kuna viungo vya zinki vilivyochovywa shaba ambavyo navyo havivutwi. Hapo kwaruza sehemu iliyojificha kwa msasa uone ndani pana rangi gani. Ukiona kijivu, umepata jibu.

Waya Mwembamba

Mimi niko upande wa fedha, niwape yangu kwa ufupi.

Situmii dawa ya masonara ya salfa na potasiamu. Natumia yai. Lichemshe liive kabisa, limenye likiwa la moto, liponde lote, kiini na ute, uliweke ndani ya mfuko au kopo linaloziba vizuri. Fedha yako iweke kwenye karatasi ndani humohumo isigusane na yai, maana ikigusa inatoa mabaka. Yai moja linatosha kwa pete tatu nne.

Kinachofanya kazi ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Inakutana na fedha, inazaa salfaidi ya fedha ambayo ni nyeusi. Uzuri wa yai ni kwamba gesi ni kidogo na inakuja polepole, kwa hiyo unaweza kusimamisha rangi njiani. Fedha haiendi moja kwa moja kwenye weusi. Inaanza manjano ya dhahabu, inaingia kahawia yenye wekundu, zambarau, bluu, halafu kijivu, mwisho nyeusi. Rangi hizo za katikati si za salfaidi yenyewe. Ngozi ni nyembamba mno hata mwanga unaoakisiwa juu yake na ule unaoakisiwa chini yake unagongana, kama unavyoona rangi kwenye mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Ndiyo maana dakika chache zinabadilisha kila kitu. Mimi nachungulia kila dakika 5. Nikiona zambarau ninayoitaka, natoa na kusuuza kwa maji baridi mara moja.

Kwa kazi yenye michoro naiacha ifike weusi kabisa, kisha nasugua juu kwa nyuzi laini za chuma. Sehemu zilizoinuka zinarudi nyeupe, mashimo yanabaki meusi, na mchoro ambao ulikuwa hauonekani vizuri unasimama. Kuna jani nililolifua mishipa kwa patasi ndogo, na kabla ya weusi mishipa ile mtu alikuwa lazima aigeuze geuze kwenye mwanga ndiyo aione.

Mama Hereni

Na brasi je? Yai linakubali?

Waya Mwembamba

Linasitasita sana, dada. Ile zinki iliyo ndani ya brasi inalegeza kazi. Shaba tupu inakubali vizuri, inafuata karibu rangi zilezile. Brasi inatoa kahawia ya uchovu isiyo na mpangilio. Kwa brasi bora uende na amonia, au uipake kwanza tabaka la shaba.

Fundi Koleo

Ngoja, kabla hamjampeleka kwenye amonia, naomba nieleze yaliyonikuta, kwa sababu yananiuma hadi leo.

Nilitengeneza bangili sita za waya mnene wa brasi. Nilizisokota na kuzikunja baridi, bila moto, ili zibaki na mkazo wa kurudi zenyewe zikivutwa. Nikaziweka kwenye kopo la amonia siku tatu. Rangi ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, bluu yenye mawingu. Nikazisuuza, nikakausha, nikazipaka nta, nikampa ndugu yangu moja.

Wiki haikuisha. Aliipanua kidogo ili aivae, ikakatika vipande viwili mkononi mwake kama kijiti kikavu. Haikupinda kwanza, ilikatika tu. Nikachukua tano zilizobaki nikaziangalia kwa lenzi: kwenye kila kona niliyoikunja kulikuwa na nyufa nyembamba kama unywele, zimekatiza waya kutoka upande wa nje. Nyingine nilizivunja kwa vidole.

Nilifikiri waya ulikuwa mbovu. Lakini waya uleule ambao sikuuweka kwenye amonia naukunja na kuukunjua hadi leo hauvunjiki.

Mwalimu wa Maabara

Pole sana, Fundi Koleo. Waya wako ulikuwa mzima. Hilo ni jambo linalojulikana na lina historia yake.

Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India lilikuwa na maganda ya risasi ya brasi yaliyokuwa yakipasuka yenyewe ghalani, hasa msimu wa mvua za masika. Maganda hayo hufuliwa baridi, yaani hupewa umbo bila moto, kwa hiyo yamebeba mkazo ndani yake. Yalihifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, na mikojo ya farasi hutoa amonia. Unyevu wa msimu wa mvua ukakamilisha kazi. Maelezo kamili ya kisayansi yalitolewa mwaka 1921: brasi yenye mkazo wa ndani, ikikutana na amonia na unyevu, hupasuka. Bangili zako zilikuwa na mambo yote matatu.

Brasi zenye zinki zaidi ya asilimia 15 ndizo zilizo hatarini zaidi, na brasi nyingi za waya zimezidi hapo. Shaba tupu haina hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo majani ya mwanzisha uzi yako salama.

Dawa yake ni kuondoa mkazo kabla ya amonia. Ukiipasha brasi moto hadi wekundu hafifu inalainika kabisa, ila bangili itapoteza ule urejeo unaoutaka. Ukitaka ibaki ngumu, iweke kwenye oveni kwenye nyuzi 260 za Selsiasi hivi kwa saa 1, iache ipoe. Mkazo unapungua, ugumu unabaki karibu wote. Usiikunje tena baada ya hapo. Na kitu kitakachovutwa na kupanuliwa kila siku, kama bangili au kulabu, mimi nisingekipeleka kwenye amonia hata baada ya moto. Tumia siki.

Kwa kuwa nimeshaingia, niseme na ya usalama, maana humu watu wanafanyia kazi majumbani na watoto wapo.

Amonia na jiki, au kitu chochote chenye klorini, visikutane kamwe, hata kwenye sinki moja la kumwagia. Vinatoa gesi inayounguza mapafu. Dawa ya salfa ya masonara isikutane na asidi yoyote, siki ikiwemo, kwa sababu haidrojeni salfaidi itatoka kwa wingi kwa mara moja. Gesi hiyo ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, hivyo harufu ikipotea ghafla usidhani imekwisha, toka nje. Siki na haidrojeni peroksaidi (ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda) usizihifadhi pamoja kwenye chupa iliyofungwa; changanya kiasi cha kutumia sasa hivi tu, sehemu ya wazi.

Na ile kutu ya kijani yenyewe ni sumu ikiingia tumboni. Usiitie kwenye kikombe wala kijiko. Ukiisugua kwa msasa vaa barakoa, vumbi lake lisivutwe. Kulabu ya hereni inayopita kwenye tundu la sikio iache bila patina yoyote. Jani liwe la kijani, kulabu iwe fedha au chuma kisichoshika kutu. Kopo ulilolifanyia kazi lisirudi jikoni.

Fundi Koleo

Nimekuelewa, mwalimu. Asante. Tangu ile bangili ikatike nilikuwa nashindwa kulala nikiifikiria, sasa angalau najua.

Kidani cha Shaba

Mwalimu, umenitoa gizani na mimi. Narudi kwenye maelekezo ya juu: amonia ni kwa shaba tupu. Mwenye brasi asome kwanza maelezo ya mwalimu.

Niongeze kuhusu peroksaidi kwa kuwa imetajwa. Niliwahi kuidondoshea ya asilimia 3 kwenye siki na chumvi zilezile zilizokuwa zinanikatalia, na yale majani yaliyozama yakaanza kuliwa mbele ya macho yangu, maji yakawa bluu ndani ya saa. Ni uthibitisho wa lile nililosema kuhusu oksijeni, kwa sababu peroksaidi ni oksijeni iliyoingizwa majini kwa nguvu. Lakini haifai kwa patina ya shaba: inakula tu, haiachi ngozi. Kwenye brasi inaondoa zinki juujuu na kuacha uso wa waridi, ambao ni shaba. Waya Mwembamba, hapo umepata njia ya kuipa brasi ngozi ya shaba kabla ya yai.

Kwenye chuma mambo ni mengine kabisa. Siki, peroksaidi na chumvi kidogo kwa ukungu, dakika chache tu kutu ya rangi ya machungwa imefunika. Sina mengi ya kusema hapo, chuma ni chepesi kuridhisha.

Tochi ya Gesi

Wakuu, mnasahau moto. Shaba safi ukiipitishia tochi polepole upande mmoja, rangi zinatembea zenyewe mbele ya mwali: dhahabu, waridi iliyoiva, zambarau, bluu ya fedha. Ondoa moto kabla hujafika unapopataka, maana joto linaendelea kusafiri baada ya mwali kuondoka. Ni ngozi nyembamba ya oksaidi, nayo inachezea mwanga kama alivyosema Waya Mwembamba.

Ipo na nyekundu. Ipashe shaba hadi iwake, kisha itumbukize kwenye maji ya moto. Magamba meusi yanaruka, chini yake kuna wekundu wa damu ya mzee wenye madoa. Weusi ni oksaidi moja ya shaba, wekundu ni nyingine yenye oksijeni pungufu. Vaa miwani, magamba yanaruka kweli.

Brasi usiipashe kupita kiasi. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, lakini zinki huchemka kwenye 907, na moshi mweupe ukiuona ujue zinki inatoka. Ukivuta moshi ule unapata homa na baridi usiku huohuo. Chuma kilichopakwa zinki usikiguse kwa tochi kabisa.

Waya Mwembamba

Tochi ya Gesi, wekundu huo unadumu? Wangu hufifia.

Tochi ya Gesi

Ule wekundu mzito wa magamba unadumu. Zile rangi za kutembea zinafifia ukizivaa, na ukizipaka vanishi nyingi zinapotea, kwa sababu vanishi inabadilisha namna mwanga unavyorudi. Mimi huzipaka nta nyembamba sana na kuziweka kwenye hereni tu. Kwenye pete zinasuguliwa wiki moja zimekwisha.

Mama Hereni

Hapohapo kwenye vanishi ndipo nilipokwama. Majani yangu yametoka bluu ya kupendeza, kama unga wa chaki. Nimepaka vanishi kwa brashi, yamekuwa kijani cheusi na nusu ya rangi imebebwa na brashi. Nimelia.

Kidani cha Shaba

Pole, dada yangu. Hilo limetukuta wengi. Ule weupe unaouona kwenye bluu ni hewa iliyokaa katikati ya punje. Vanishi ikijaza nafasi hizo, mwanga hautawanyiki tena, rangi inazama. Ni sawa na mchanga mkavu na mchanga uliolowa. Kuizuia kabisa haiwezekani, unaweza kuipunguza.

Kwanza acha kipande kikauke vizuri, siku mbili tatu. Gonga pembeni taratibu, kinachodondoka kidondoke. Kisha tumia vanishi ya kupuliza, isiyo ya maji, kwa mbali, pumzi ya kwanza iwe kavu kiasi kwamba hata huoni kama umepuliza. Iache ikauke. Tatu nyembamba kuliko moja nzito. Ya maji iliwahi kunitelezeshea rangi, chumvi iliyobaki ndani iliamka.

Na anza na rangi iliyopauka kupita unavyotaka, ukijua vanishi itaishusha. Mimi kila ninapotengeneza kundi la majani nakata na vijisahani vitatu vya bati lilelile. Kimoja sikipaki kitu, kimoja nta, kimoja vanishi. Navitoboa tundu, navitunga kwenye waya pamoja na kijikaratasi chenye siku, kiasi na saa. Sasa nina mkufu mzima wa majaribio umening'inia juu ya meza, na ndio ninaouangalia kabla ya kuanza kazi yoyote.

Mwalimu wa Maabara

Hapo kwenye chumvi iliyobaki ndani naomba nikazie, kwa sababu ndiyo inayoua kazi baada ya miezi.

Kloridi ya chumvi ikibaki chini ya ngozi ya kijani, inaungana na shaba, na kila unyevu unapoingia inaila shaba mpya na kujizalisha tena. Watunzaji wa makumbusho wanaiita ugonjwa wa bronzi (bronzi ni mchanganyiko mwingine wa shaba). Vyombo vilivyokaa ardhini karne nyingi huanza kumomonyoka mara tu vinapofukuliwa na kukutana na hewa yenye unyevu. Dalili yake ni vitone vya unga wa kijani kilichopauka sana vinavyorudi palepale hata ukivifuta.

Kwa hiyo patina yoyote ya chumvi isuuzwe. Iache ikauke kwanza ishike, kisha uitumbukize taratibu kwenye maji safi yaliyotulia, ubadilishe maji mara kadhaa, bila kusugua. Ukitumia siki, maji ya mwisho yatie soda ya kuokea kidogo kuua asidi.

Kupima kama bado inaishi: weka kipande kikavu kwenye chupa inayoziba pamoja na pamba iliyolowa maji, visigusane, siku moja au mbili. Vikitokea vitone vipya vya kijani kilichopauka, rudi kwenye kusuuza. Visipotokea, kausha, paka vanishi.

Ndiyo maana mimi napendelea njia isiyo na chumvi kabisa kwa vitu vya kukaa muda mrefu. Mvuke wa siki peke yake, bila chumvi, unachelewa lakini unatoa kijani kinachotulia. Njia hiyo ni ya siku nyingi. Wanawake wa Montpellier, Ufaransa, walikuwa wakiitumia majumbani kutengeneza rangi ya kijani ya wachoraji: mabati ya shaba yanapangwa kwenye mitungi pamoja na masalia ya zabibu yaliyolowa divai inayogeuka siki, yanaachwa kwenye chumba cha chini, kisha kijani kinakwanguliwa. Ukitazama, ni kopo lilelile la Kidani cha Shaba.

Fundi Koleo

Mwalimu, na ile Sanamu ya Uhuru ya New York? Nayo ni siki?

Mwalimu wa Maabara

Hapana. Ile ilizinduliwa mwaka 1886 ikiwa na rangi ya shaba, kahawia. Ilichukua miongo kadhaa kuwa kijani yote. Kijani chake kwa sehemu kubwa ni salfeti ya shaba, kutokana na salfa iliyo kwenye hewa ya mji na mvua. Ni ngozi ngumu iliyoshikamana, na bati lake lina unene wa milimita 2.4 tu lakini bado limesimama. Kijani chetu cha siku tatu ni asetati (ya siki) au kloridi (ya chumvi), laini zaidi, na kinayeyuka. Kinafanana kwa jicho, kwa mkono hakifanani.

Na Wajapani wana njia yao tofauti. Wanatengeneza kwanza mchanganyiko wa madini kwa ajili ya patina: shaba yenye dhahabu kidogo, kama asilimia 4, inaitwa shakudo, nayo ikichemshwa kwenye dawa yao inatoka nyeusi yenye zambarau. Shaba yenye fedha inaitwa shibuichi, jina lenye maana ya robo, nayo inatoka kijivu cha mawingu. Kabla ya kuchemshwa ukiitazama shakudo ni shaba tu.

Mama Hereni

Nimerudi, wakuu. Nimefanya kama mlivyosema. Majani manne, msasa 400, mvuke wa siki bila chumvi, siku tano. Nimepunga hewa asubuhi na jioni. Kijani kimetoka chembamba, kinaonyesha shaba chini yake, hasa pembeni ambako nilikuwa nimegonga kwa nyundo, kila shimo la nyundo lina duara lake la kijani na katikati pako wazi. Nimepiga vanishi ya kupuliza mara tatu. Rangi imeshuka kidogo tu.

Swali la mwisho: nivae lini?

Kidani cha Shaba

Dada, hongera sana. Hayo maduara ni kwa sababu tone dogo la unyevu lilikaa kwenye kila shimo, na ukingo wa tone ndio uliopata hewa. Ni ule mstari wangu wa bakuli, wewe umeupata mara mia.

Ipe vanishi siku tatu ikauke hadi ndani. Halafu chukua pamba nyeupe iliyolowa kidogo, ibonyeze kwenye kona moja ya nyuma ya jani, hesabu hadi kumi. Ikitoka nyeupe, tundika kwenye kulabu zako za fedha uvae. Ikitoka na kijani, ongeza tabaka moja, usubiri tena.